Jengo la kijani Tanga: EDGE, LEED na Green Star, au ujenge kijani bila cheti?

Siku hizi hapa Tanga ukikaa na mtu mwenye kiwanja na hela ya kujengea, awe wa Raskazone, Sahare au kule Kange, haupiti muda utasikia habari ya jengo la kijani, yaani jengo linalobana umeme, maji na vifaa ili lisiharibu sana mazingira. Mmoja kasikia kuna mikopo ya kijani, mwingine ana mpangaji wa kampuni kubwa kamuuliza kama jengo lina cheti, wa tatu yeye vyeti hana habari navyo, anachotaka ni LUKU isimmalize na vyumba visigeuke tanuri mwezi wa pili. Wote wanauliza swali moja ila shida zao ni tatu tofauti kabisa, ndo maana ushauri wanaopeana unazidi kuwachanganya.

Mimi kazi yangu ni kukadiria gharama za majengo, kwa hiyo hili jambo naliona kutoka upande wa BOQ (orodha ya vifaa na kazi zote za ujenzi na bei zake) na risiti. Niseme msimamo wangu mapema ili usome ukiujua: ubaridi wa chumba na unafuu wa bili vinatoka kwenye ramani na vifaa, cheti kinatoka kwenye kumbukumbu na ukaguzi, na cheti kinarudisha hela yake pale ambapo kuna mtu wa mbali anayefanya uamuzi kwa kukisoma. Anaweza kuwa benki, mpangaji, mnunuzi au mfadhili. Huyo mtu akiwepo, cheti ni hela iliyotumika vizuri. Asipokuwepo, kuna vitu vingi vya kununua kwanza.

Tunapima kwa vigezo gani

Njia ni tatu: kujenga kijani bila cheti, kufuata cheti cha EDGE, au kufuata LEED na Green Star, ambayo yote ni mifumo ya kimataifa ya vyeti vya majengo ya kijani. Kila njia naipima kwa mambo yaleyale. La kwanza ni hela ya ziada, na hapa tenganisha mafungu mawili maana watu wengi wanayachanganya: kuna hela ya vifaa (AC ya inveta isiyokula umeme mwingi, vioo vya kukinga joto, insulesheni ya paa yaani kizuizi cha joto, bomba za kubana maji) na kuna hela ya cheti chenyewe, yaani ada, mtaalamu wa kuandaa faili na mkaguzi. La pili ni hela inayorudi mwezi hadi mwezi. La tatu ni hatari, kwamba nini kinaweza kwenda mrama na nani atabeba. La nne ni nani anakitambua hicho ulichofanya. La tano ni kama mafundi na vifaa vinapatikana hapahapa, kwa sababu kuna kitu kwenye karatasi kinaonekana chepesi, ila ukishaanza kukiagiza Dar au nje ya nchi bajeti yote inavurugika.

Kwanini hili jambo linakua

Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, majengo na shughuli za ujenzi vinabeba zaidi ya theluthi moja ya hewa ukaa inayotokana na nishati na uzalishaji viwandani duniani. Saruji peke yake inakadiriwa asilimia 7 mpaka 8 ya hewa ukaa yote. Wenye mitaji wameanza kubanwa kwa hilo, na wao wanambana anayekuja kuomba hela.

Hapa nyumbani tumeshaona. Mwaka 2023 benki ya CRDB iliuza hatifungani ya kijani (karatasi ya mkopo ambayo watu wanainunua kwa riba, hela yake ikaenda kwenye miradi ya mazingira), ikalenga shilingi bilioni 40 ikavuna zaidi ya bilioni 171. Mwaka uliofuata ikaja zamu yetu, Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, wakatoa hatifungani ya kijani ya bilioni 53.12, ya miaka 10 kwa riba ya asilimia 13.5, ikaorodheshwa soko la hisa la Dar es Salaam. Ile ni ya miundombinu ya maji, majengo hayamo, lakini imeonyesha kwamba mtu mwenye akiba yake yuko tayari kuweka hela kwenye mradi wa kijani wa Tanga endapo kuna karatasi inayoaminika. Jirani zetu Kenya wamefika mbali zaidi upande wa majengo: mwaka 2019 kampuni ya Acorn ilitoa hatifungani ya kijani kujenga hosteli za wanafunzi Nairobi, na hosteli zile zinajengwa kwa kufuata cheti cha EDGE. Pale cheti kilikuwa sehemu ya sababu ya hela kupatikana, kikafanya kazi yake hasa.

Ongeza na mji wenyewe unavyobadilika. Bandari imepanuliwa, bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaishia kwetu Chongoleani, na kampuni zinazokuja na miradi ya namna hiyo zinatafuta ofisi na nyumba za wafanyakazi, na nyingi zina ripoti za mazingira za kujaza makao makuu kwao. Hapo ndo unaulizwa swali la cheti kwa mara ya kwanza na hujui hata uanzie wapi.

Hesabu ya LUKU kwanza

Kabla ya kulinganisha tupige hesabu moja maana itatusaidia huko mbele. Chukulia una gesti ya vyumba 12, kwa wastani nusu vina wageni, na kila chumba AC inakula kama uniti 6 kwa usiku. Vyumba 6 mara uniti 6 mara siku 30 ni uniti 1,080. Kwenye daraja la matumizi ya kawaida uniti ni shilingi 292, ukiongeza VAT na tozo za REA na EWURA inafika kama 356. Kwa hiyo AC peke yake ni kama shilingi 384,000 kwa mwezi. Ukipunguza asilimia 30 kwa kuweka inveta na kuziba joto la paa, unaokoa kama 115,000 kwa mwezi, karibu milioni 1.4 kwa mwaka.

Iangalie vizuri hiyo milioni 1.4. Unaipata uwe na cheti au usiwe nacho. Sasa kama gharama za kupata cheti zitakuwa milioni kadhaa, ujue hiyo hela haiwezi kujilipa kwa umeme, lazima ijilipe kwa kitu kingine: riba ndogo, kodi kubwa, mgeni anayekuchagua wewe badala ya jirani. Ukipiga hesabu hiyohiyo kwenye jengo la vyumba 80, akiba inakua karibu mara saba wakati gharama ya cheti haikui kwa kasi hiyo, kwa hiyo picha inabadilika. Ukubwa wa jengo ndo unaamua mambo mengi humu.

Njia ya kwanza: kujenga kijani bila cheti

Gharama. Hapa fungu la cheti halipo, na fungu la vifaa unalipanga mwenyewe. Mambo yenye nguvu kuliko yote hayauzwi dukani. Tanga tuko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, jua la mchana linapita karibu na utosi mwaka mzima, ila la asubuhi na la jioni linapiga kuta za mashariki na magharibi kwa chini chini, paa haliwezi kuzikinga. Ukilaza nyumba ndefu upande wa mashariki kwenda magharibi, kuta ndefu zikatazama kaskazini na kusini, madirisha makubwa ukayaweka humo yakatazamana, tayari umekinga jua na unapata kusi kuanzia mwezi wa tano na kaskazi kuanzia mwezi wa kumi na mbili. Hiyo kazi mchoraji ramani anaifanya kwa bei ileile. Wazee walilijua hili zamani, ingia Boma la zamani lenye makumbusho ya Urithi mchana wa jua kali uone ukuta mnene na dari la juu vinavyofanya kazi bila hata feni.

Kinachofuata kwa nguvu ni paa. Bati tupu saa nane mchana linashusha joto kwenye dari ya jipsam na dari inalishusha kwako mpaka saa nne za usiku, ndo maana watu wanawasha AC wakati nje kuna upepo mzuri. Insulesheni chini ya bati, rangi ya bati iwe nyepesi, na matundu ya kutolea hewa ya moto juu karibu na kilele. Halafu baraza pana, simtanki ya maji ya mvua (masika na vuli zote tunazo, ni kupoteza tu kuyaacha yaende mtaroni), na mwisho kabisa sola. Watu wengi wanaanza na sola kwa sababu inaonekana barabarani, wakati nyumba bado inavuja joto kila kona, matokeo yake wananunua paneli nyingi za kupozea kosa la ramani.

Ukuta nao una nafasi yake. Tofali za kufungamana za udongo na saruji kidogo, zile ambazo NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba, wamekuwa wakizihamasisha na mashine zake, zinapunguza saruji ya kujengea maana hazihitaji mchanganyiko mwingi wa kuunganishia katikati, na ukizipanga vizuri huhitaji hata plasta ya nje. Ila pima udongo wako kwanza, udongo wa pwani wenye mchanga mwingi hauendi hivihivi.

Hatari. Hatari kubwa ni kwamba hamna mtu wa nje anayekagua. Unaagiza insulesheni, fundi anakwambia imewekwa, dari inafungwa, basi, utajuaje. Ya pili ni kudhani kila cha asili ni kijani. Boriti za mikoko zinapendeza, lakini mikoko inalindwa na kuikata bila kibali cha TFS, wakala wa misitu, ni kosa, na ukiikata ufuo unaliwa. Mchanga wa baharini nao kuna watu bado wanaupenda kwa sababu uko karibu. Ule una chumvi. Nenda ukaangalie nyumba zilizo karibu na maji, utaona kwenye ukingo wa slabu ya baraza mstari wa rangi ya kutu, chini yake zege limevimba kama limekandamizwa kutoka ndani, ukigusa kwa kidole kipande kinadondoka na nondo inaonekana imechanika matabaka kama gome. Jengo linalobomolewa na kujengwa upya baada ya miaka 15 limekula saruji mara mbili, hata liwe na sola kiasi gani. Kwa pwani yetu uimara dhidi ya chumvi ni suala la kijani kabisa na vyeti vingi havilipi uzito unaostahili.

Nani anakitambua. Mgeni akilala anaona tofauti, na wewe unaiona kwenye LUKU. Benki haioni, na mnunuzi wa mbali atasikia maneno tu. Unaweza kupunguza hilo pengo kwa kutunza bili za miezi 12 na picha za kila hatua.

Upatikanaji. Mzuri kuliko zote. Saruji ya Pongwe iko mlangoni, chokaa iko, katani ya kuimarishia jipsam tunaizalisha wenyewe, mafundi wapo.

Inamfaa anayejenga nyumba ya kuishi, gesti ndogo, nyumba za kupangisha familia mbili tatu, na mtu yeyote anayejenga kidogo kidogo kwa hela ya mfukoni.

Njia ya pili: EDGE

EDGE ni mfumo wa IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na sekta binafsi, na umetengenezwa kwa ajili ya nchi kama zetu. Sharti lake ni rahisi kueleza: jengo lako liokoe angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 ya nishati au kaboni iliyomo kwenye vifaa vya ujenzi (ile iliyotumika au kutoka wakati wa kuvitengeneza), ukilinganisha na jengo la kawaida la aina hiyohiyo mahali hapo. Yote matatu lazima yatimie, huwezi kufidia maji kwa umeme. Ukifika asilimia 40 ya nishati unapanda daraja la EDGE Advanced, na juu yake kuna Zero Carbon.

Gharama. Programu yake iko mtandaoni na kuitumia ni bure, unachagua nchi, aina ya jengo, unaingiza vipimo na vifaa, inakupa asilimia zako papohapo. Hata asiyetaka cheti aitumie, nasema kwa msisitizo, maana inakuonyesha kabla hujamwaga zege kwamba kioo cha bei kali kinakupa asilimia 2 wakati kivuli cha dirisha kinakupa 6 (hizo namba ni mfano, zako zitategemea ramani). Ada za cheti zinategemea ukubwa na aina ya jengo na mkaguzi analipwa pembeni, kwa hiyo omba bei kwa maandishi kabla hujasajili. Upande wa vifaa, jengo lililochorwa vizuri toka mwanzo linaweza kufika 20 bila kuongeza hela nyingi. Lililochorwa vibaya linafika 20 kwa kununua mashine.

Hatari. Zaidi ni za kumbukumbu. Unapata cheti cha awali kwenye hatua ya ramani, halafu cha mwisho baada ya mkaguzi kuhakiki kilichojengwa, na kati ya hapo watu wanalala. Mkaguzi anataka ushahidi: picha ya insulesheni kabla dari haijafungwa, lebo ya kioo kabla fundi aluminiamu hajaibandua, kibati cha nyuma cha AC chenye namba za matumizi, risiti na hati za kupokelea mzigo. Bomba za bafu zinapimwa mtiririko, na hiyo unaweza kuijaribu mwenyewe leo kwa ndoo ya lita 10 na saa ya simu. Ikijaa kwa sekunde 75, bomba lako linatoa lita 8 kwa dakika, vizuri. Ikijaa kwa sekunde 40, linatoa lita 15, na hapo hata mota ya kupandisha maji tankini inakula umeme bure. Fundi akibadilisha bomba katikati ya kazi kwa sababu dukani hayapo yale ya kwenye orodha, asilimia zako zinabadilika na hakuna anayekwambia mpaka siku ya ukaguzi.

Kitu kingine cha kujua, EDGE inapima mambo matatu tu. Haikuulizi kiwanja kinafaa kiasi gani, mwanga na hewa vya mtumiaji vikoje kwa undani, wala nondo zako zitadumu miaka mingapi kwenye hewa ya bahari. Huo wepesi ndo unaoifanya iwezekane, na ndo pia mpaka wake.

Nani anakitambua. Benki na wafadhili wa maendeleo, kwa sababu IFC yenyewe ndo mlezi wake na asilimia zake zinaingia moja kwa moja kwenye ripoti za mkopo. Wapangaji wa kimataifa wanaijua kiasi.

Upatikanaji. Vifaa vingi vinapatikana Tanga au Dar. Wataalamu na wakaguzi wenye idhini si wengi, jiandae kumsafirisha mtu na kumlipia malazi, weka kwenye bajeti.

Inamfaa anayejenga apatimenti, hosteli, hoteli ya kati, nyumba nyingi za kuuza, hasa kwa hela ya mkopo.

Njia ya tatu: LEED na Green Star

Nimeziweka pamoja kwa sababu zinafanana kwa mtindo, unakusanya pointi kwenye mambo mengi. LEED ni ya Marekani, inasimamiwa na baraza la majengo ya kijani la kule lililoanzishwa 1993, na ngazi zake ni pointi 40 kupata cheti, 50 Silver, 60 Gold, 80 Platinum. Green Star ilianza Australia 2003, Afrika Kusini wakaichukua na kuirekebisha kwa mazingira yao, inatoa nyota 4, 5 au 6. Zote zinagusa eneo la kiwanja, usafiri, maji, nishati, vifaa, ubora wa hewa ya ndani, usimamizi wa taka za ujenzi na kadhalika.

Gharama. Fungu la cheti ni zito. Kujisajili tu LEED ni zaidi ya dola elfu moja, bado ada ya cheti inayohesabiwa kwa ukubwa wa jengo, bado mtaalamu wa kutengeneza modeli ya nishati, bado mtu huru wa kuhakiki kwamba mifumo imefungwa na inafanya kazi ilivyochorwa. Huyo wa mwisho lakini ana faida ya kweli, nimependa sana hilo sharti, maana AC nyingi za majengo makubwa zinafungwa vibaya na hakuna anayejua. Ripoti ya baraza la dunia la majengo ya kijani ya 2013, iliyokusanya tafiti za nchi mbalimbali, ilikuta ongezeko la gharama za ujenzi kuanzia karibu sifuri mpaka asilimia 12.5, kubwa likiwa kwa wanaotafuta ngazi za juu kabisa. Tafiti nyingi kati ya hizo ni za nchi zenye soko kubwa la vifaa, kwa hiyo mtu wa Tanga asijiwekee makadirio ya chini.

Hatari. Hapa kuna historia ya kujifunza. Mwaka 2008 utafiti wa taasisi moja ya Marekani uliangalia majengo 121 ya LEED, ukakuta kwa wastani yanatumia nishati pungufu kwa asilimia 25 mpaka 30, safi kabisa, lakini moja moja yalipishana vibaya na mengine yalitumia zaidi ya ilivyokadiriwa. Cheti cha kujenga kinapima ahadi ya ramani, wanaoishi ndani wana tabia zao.

Kuna kesi ya Maryland, jimbo la Marekani, jengo la makazi linaitwa Captain's Galley. Mwenye mradi alitegemea nafuu ya kodi ya kama dola 635,000 kwa sharti la kupata LEED Silver, cheti hakikupatikana kwa wakati, nafuu ikapotea, akamdai mkandarasi mahakamani. Shida ilikuwa mkataba haukusema waziwazi nani anabeba jukumu la cheti. Hili linakuhusu hata kwa EDGE, na hata kwa mkataba wa kurasa tatu na kontrakta wa Chumbageni: andika nani anatunza ushahidi, nani analipa marekebisho, na hela ya mwisho ibaki mkononi mwako mpaka cheti kitoke.

Nyingine ni ya palepale Maryland, Annapolis, makao ya Chesapeake Bay Foundation, shirika la mazingira, jengo la kwanza kabisa kupewa LEED Platinum. Liko ufukweni, lilitumia boriti za mbao zilizounganishwa kiwandani zikiwa wazi nje, baada ya miaka zikaoza kwa unyevu na kesi ikafunguliwa 2011. Ngazi ya juu kuliko zote haikuzuia unyevu kufanya yake. Mtu wa Raskazone au Mwambani aisome hiyo mara mbili kabla hajaletewa kifaa kipya cha kijani ambacho hakijawahi kukaa masika kumi ya pwani ya Afrika Mashariki.

Na kuna hatari ya kuiga. Watu wanapenda kutaja jengo la Umoja wa Mataifa pale Gigiri, Nairobi, lililozinduliwa 2011, linaloendeshwa kwa upepo wa asili na sola. Ni jengo zuri sana ila Nairobi iko juu karibu mita 1,700 na usiku kunakuwa baridi. Tanga usiku wa mwezi wa pili jasho linakutoka umekaa. Hapa panahitaji kivuli zaidi, feni nzuri, na AC ndogo kwa saa chache.

Nani anakitambua. Kila mtu kwenye soko la kimataifa la ofisi. Mpangaji wa kutoka Ulaya, Marekani au Afrika Kusini haulizi mara mbili.

Upatikanaji. Mgumu. Timu inatoka Dar, Nairobi au mbali zaidi, na vifaa vyenye nyaraka za kuthibitisha mahitaji yake vingi ni vya kuagiza. Kusafirisha kifaa cha kijani kwa meli kutoka upande wa pili wa dunia kunakula sehemu ya faida yake.

Inamfaa mwenye jengo kubwa la ofisi au hoteli ya hadhi ambaye mpangaji wake, au kampuni inayompa jina lake la hoteli alitumie, imelitaja hilo sharti.

Zinapoachana kweli

Kwa bili ya mwezi njia zote tatu zinaweza kufika sehemu moja, nalisema hili kwa sababu wauzaji wa huduma za vyeti huwa hawalisemi. Kwa nidhamu ya ujenzi, vyeti vinashinda, kwa sababu kuna mkaguzi anakuja na fundi anajua anakuja. Kwa kutambulika na wenye hela, EDGE inatosha kwa benki nyingi na LEED inavuka mpaka zaidi. Kwa kasi, bila cheti huna wa kumsubiri. Na kwa uimara wa pwani hakuna hata moja inayokulinda kikamilifu, lazima wewe na mhandisi wako muongeze masharti yenu: mchanga wa mtoni ulioshwa, unene wa kutosha wa zege kufunika nondo, boliti zisizoshika kutu kwenye fremu za sola, mashine ya nje ya AC isikae uso kwa uso na bahari.

Kwa hali yako

Unajenga nyumba ya familia: acha vyeti. Ingiza ramani kwenye programu ya EDGE jioni moja, uone kama unafika 20 kwenye yale matatu, rekebisha madirisha na paa, anza kujenga. Hela ya cheti peleka kwenye insulesheni na tanki la mvua.

Una gesti au lodji ya vyumba 10 mpaka 20: jenga kijani bila cheti kwanza, tunza bili. Ukiona mawakala wa watalii wanaoleta wageni kwako, au kwa wenzako wa Pangani na Bagamoyo, wanaanza kuuliza, EDGE inapokea pia majengo yaliyopo, utaomba baadaye ukiwa na ushahidi mkononi. Kwa hiyo piga picha kila hatua hata kama leo huoni kazi yake.

Unajenga apatimenti au hosteli kwa mkopo: nenda benki kabla ya kwenda kwa mtaalamu wa cheti. Uliza, mkinipa mkopo wa kijani riba inapungua kwa kiasi gani na mnakubali cheti gani, na wakujibu kwa maandishi. Punguzo la asilimia moja kwenye mkopo wa milioni 800 ni milioni 8 kwa mwaka wa kwanza, hapo EDGE inajilipa yenyewe. Wakikujibu kwamba hakuna punguzo, rudi kwenye hesabu ya LUKU uone kama bado inalipa.

Una mpangaji mkubwa anayetaka ofisi: aseme anataka cheti gani na ngazi gani, aandike kwenye makubaliano ya awali ya pango pamoja na kodi atakayolipa na miaka atakayokaa. Kama ni LEED au Green Star na anakaa miaka 10, fanya. Kama anakaa miwili, mpendekezee EDGE, wengi wanakubali wakielezwa vizuri.

Ni taasisi, mfano shule, zahanati au ofisi ya shirika lenye wafadhili: EDGE mara nyingi inatosha, ila muulize mfadhili kama anaweza kulipia ukaguzi ndani ya bajeti ya mradi, maana mara nyingi fungu hilo lipo na haliombwi.

Na kama jengo limeshafika lenta, usikimbilie cheti chochote wiki hii. Kuta zimeshatazama zinakotazama. Kaa na fundi wa paa kwanza mkubaliane insulesheni, rangi ya bati na urefu wa paa la kutokea nje ya ukuta, hayo bado yako mikononi mwako, halafu ndo ufungue programu uone umebakiza asilimia ngapi.